Simu yangu, hela yangu, mbona filamu inagoma kuwa HD? Uzi wa DRM na makufuli yaliyomo ndani ya simu zetu

Mzee wa Safari (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Uzi utakuwa mrefu, naomba uvumilivu, ni jambo limenisumbua karibu mwezi mzima nikaona nisikae nalo peke yangu.

Mwezi uliopita nilinunua simu pale Kariakoo mtaa wa Aggrey, mtumba safi, kioo kikubwa, rangi zinawaka, ram 8, nikatoa laki tatu na themanini taslimu. Kazi yangu ni ya kusafiri, Dar Mbeya Dar Mbeya kila wiki na basi, kwaiyo usiku nikiwa nyumbani nashusha filamu kwa waifai alafu njiani naangalia bila kula bando. Na nalipia kabisa, kifurushi kile cha juu chenye HD kwenye huduma moja ya filamu. Sasa siku ya kwanza nafungua filamu naona picha ina ukungu kama naangalia kupitia chandarua, sura za watu hazina makali, yale maandishi ya chini tu ndo yanasomeka vizuri. Nikasema ni intaneti. Nikabadili laini, nikafuta apu nikaiweka upya, nikazima nikawasha, wapi. Mama watoto ana kisimu chake cha laki na nusu, kioo kidogo, nikaingia kwa akaunti ileile, waifai ileile, filamu ileile, picha kali mpaka unahesabu ndevu za mtu.

Hapo ndo nikaanza kuchimba, na kumbe shida sio kioo wala ram wala mtandao. Kuna kitu kinaitwa DRM, usimamizi wa haki za kidijitali. Kwa lugha ya kijiweni ni kufuli linalofungwa kwenye filamu, wimbo au kitabu ili ukitumie vile mwenye nacho anavyotaka yeye. Kwenye Android kufuli kubwa linaitwa Widevine, ni la Google, kampuni yenyewe waliinunua 2010. Apple wana la kwao, FairPlay.

Linavyofanya kazi ni hivi. Filamu unayoshusha inakuja imevurugwa kwa hesabu, bila ufunguo ni rundo la namba tu. Ukibonyeza cheza, apu inaenda kwenye seva kuomba leseni, seva inaiuliza simu wewe nani, simu inajitambulisha kwa ufunguo wake wa siri iliopewa kiwandani, seva ikiridhika inatoa ufunguo wa filamu hiyo tu, tena wenye masharti, uangalie kwa siku ngapi, kwa ubora gani, ruhusa ya kutoa kwenye tv ipo au haipo.

Sasa hapo kwenye "wewe nani" ndo pana madaraja. Prosesa za simu nyingi zina sehemu imetengwa, kwenye chipu za ARM inaitwa TrustZone, ni kama chumba ndani ya nyumba ambacho hata Android yenyewe hairuhusiwi kuchungulia. Simu ya daraja la L1 inafungua kufuli na kuichakata video humohumo chumbani mpaka picha inatokea kwenye kioo. L2 ni nadra, kufuli linafunguliwa chumbani ila video inachakatwa nje. L3 hakuna chumba kabisa, kazi yote inafanywa na softiwea ya kawaida. Na wenye filamu L3 hawaiamini. Netflix kwa mfano, mwenye L3 anaishia 480p, yaani ubora wa chini ya HD, alipie kifurushi gani alipie.

Yangu ni L3. Ya mama watoto L1.

Nikampelekea fundi, akaiangalia ikiwaka tu akaniambia mzee unaona hiyo alama ya kufuli lililo wazi pale juu? Mi nilidhani ni urembo wa kampuni. Kumbe simu ilikuwa ya soko la China, kuna mtu kaifungua butiloda, ile programu ya kwanza inayowasha simu na kukagua mfumo wake, akamwaga romu nyingine, yaani mfumo mwingine wa Android, ili iwe na Play Store na iuzike huku kwetu. Chipu ni ileile na chumba kipo, ila butiloda ikishakuwa wazi simu haiwezi tena kuthibitisha kwamba haijachezewa, na modeli nyingi hapo zinashuka mpaka L3. Aliyeniuzia hakuniambia. Inawezekana na yeye hakujua.

Kinachoniuma wakuu ni hiki. Mimi niliyelipa naangalia ukungu. Jamaa yangu tunayekaa siti moja kwenye basi kaishusha filamu hiyohiyo bure huko kwenye makundi ya Telegram, anaangalia HD kamili, anamrushia na wa siti ya nyuma. Kufuli limenifungia mimi mwenye risiti. Na simu ni yangu, nimeilipia yote, lakini ndani yake kuna chumba ambacho mimi sina ufunguo na kinamsikiliza mtu mwingine.

Kwa anayetaka kuangalia ya kwake, kuna apu ndogo ya bure inaitwa DRM Info, ifungue utafute pameandikwa Widevine, mstari wa usalama utakuambia L1 au L3. Kwenye Netflix ingia mipangilio ya apu, sehemu ya uchunguzi, kuna ukurasa wa vipimo vya uchezaji unakuonyesha na ubora wa mwisho unaoruhusiwa.

Naomba michango yenu, hasa mafundi na wasanii. Nawasilisha.

kisiki_kikavu

Mkuu umenifungua macho. Nimeangalia yangu sasa hivi ni L3 na hii nilinunua mpya dukani kwenye boksi, haijawahi kuguswa na fundi yeyote. Hiyo imekaaje?

Mzee wa Safari

@kisiki_kikavu hiyo inatokea, na hata kwa simu kubwa imetokea. OnePlus 5 na 5T zilitoka 2017 zikiwa L3, simu za bei mbaya, watu wakapiga kelele, kampuni ikakubali kurekebisha mwaka uliofuata lakini zile zilizokwisha uzwa ilibidi mteja airudishe simu kwao kwa mikono, maana ufunguo haukuweza kutumwa kwa apdeti ya kawaida. Poco F1 ya 2018 nayo ilianza na L3 ikapewa L1 mwaka uliofuata kwa apdeti. Kwaiyo mwenye kiwanda ndo anaamua kama atahangaika kuiwekea au la, na kwenye simu za bei ya chini wengi hawahangaiki. Kwenye boksi wanaandika megapikseli za kamera kwa herufi kubwa, la Widevine huwezi kulikuta popote.

Fundi Nyakato

Nipo Mwanza, natengeneza simu mwaka wa kumi na moja huu. Alichosema mleta uzi ni kweli na naongezea machache kutoka mezani kwangu.

Kwanza kuna watu wanatangaza kukugeuzia L3 kuwa L1 kwa elfu ishirini, elfu thelathini. Wanawaibia. Ule ufunguo ni wa simu hiyo moja na umefungwa kule ndani tangu kiwandani, hakuna apu ya kuuleta. Wanachofanya wengi ni kukuwekea programu inayodanganya maandishi, unaona L1 lakini filamu haibadiliki, wengine wanakuwekea funguo zilizovuja za simu nyingine, wenyewe wakizigundua wanazifungia na unarudi palepale, na simu umeshaiacha wazi kwa mtu usiyemjua.

Pili, kabla hujakubali simu yako irutiwe (ifunguliwe mamlaka yote ya mfumo) au iflashiwe (iwekewe mfumo mwingine) muulize fundi, hii ikifunguliwa butiloda nini kinapotea? Fundi asiyeweza kujibu hilo mnyang'anye simu. Zile simu za Sony Xperia za zamani ukifungua butiloda zilikuwa zinafuta funguo za DRM moja kwa moja, hazirudi, na sio video tu, mpaka picha za kamera usiku zilikuwa zinaharibika kwa sababu programu ya kusafisha picha nayo ilifungwa na funguo zilezile. Sony walitoa onyo wazi, lakini mteja wa huku nani atamsomea? Nilipokea mama mmoja ana Xperia analia kamera imekufa, nikafungua nikabadilisha kamera nzima, hakuna kitu. Nilikuja kuelewa baadaye sana na nilimrudishia hela yake.

Tatu, simu iliyorutiwa au isiyo na cheti cha Google, tangu Mei 2017 Netflix huwezi kuiona Play Store. Ukitafuta ikakosekana usikimbilie kuilaumu intaneti.

Bi Mwanaidi

Ivi huu ndo ule ugonjwa wa ukipiga skrinishoti inatoka nyeusi?

Mzee wa Safari

@Bi Mwanaidi ni ndugu yake. Filamu ikiwa L1 picha haipiti kwenye njia ya kawaida ambayo skrinishoti inachota, kwaiyo inakuta patupu. Alafu kuna na alama ambayo apu yenyewe inaweza kuiweka kwenye ukurasa wake kuiambia Android hapa pasipigwe picha wala kurekodiwa, apu nyingi za benki zinaitumia ukiwa unaweka namba ya siri.

Bi Mwanaidi

Ahsante. Basi niseme upande wangu, maana naona uzi unaelekea kwamba kufuli lote ni baya. Mimi nina binti wa miaka kumi na tisa. WhatsApp walipoleta ile picha ya kutazamwa mara moja 2021 skrinishoti ilikuwa inapiga vizuri tu, 2022 ndo wakaizuia. Mnajua hapa kwetu picha ngapi za mabinti zimesambazwa na watu waliowaamini? Kila mwezi tunasikia. Kufuli hilo kwangu lina maana, linamlinda mwenye picha ambaye hana kampuni wala wakili. Nimemfundisha pia kwamba mtu anaweza kuchukua simu ya pili akaipiga picha ile ya kwanza, kwaiyo asiliamini kufuli kuliko kichwa chake. Lakini msilitupe lote.

Mzee wa Safari

Mama nimekuelewa na nakubaliana na wewe kabisa. Hapo mwenye kufuli ndo mwenye picha. Mimi ugomvi wangu ni pale ninapofungiwa kitu nilicholipia ndani ya simu niliyolipia, na bila kuambiwa wakati nanunua.

Babu Nokia

Nyie vijana mnaona hii mpya. Turudi nyuma kidogo.

Miaka ya 2000 katikati nilikuwa na Nokia, nikanunua mlio wa simu kwa vocha, meseji inakuja unaukubali unakaa kwenye simu una kialama pembeni. Rafiki yangu akautaka, nikafungua bluetooth, simu inakataa inasema kitu hiki kimelindwa hakiwezi kutumwa. Nikajua simu mbovu. Kumbe lilikuwa kufuli la OMA, ule muungano wa kampuni za simu ulioundwa 2002, toleo lao la kwanza la DRM lilikuwa na daraja la chini kabisa ambalo kazi yake moja tu, faili ukishapokea hulitoi nje ya simu yako. Nilipobadilisha simu mlio wangu ukabaki kule. Nikaununua tena. Mlio uleule.

Alafu 2008 Nokia hao hao wakaleta Comes With Music, wakaanzia Uingereza, unanunua simu unapata nyimbo bila kikomo mwaka mzima na unaruhusiwa kubaki nazo. Lilikuwa wazo zuri sana kwa kweli, lakini nyimbo zenyewe zilifungwa kwa DRM, zinasikika kwenye simu hiyo na kompyuta moja uliyoiandikisha, basi. Mwanzoni mwa 2011 wakaifunga nchi nyingi sana. Watu walikuwa wanataka wimbo unaoweza kumpa mtoto wako.

mtunzi_wa_kigamboni

Naomba na sisi wasanii tusikike.

Mimi naimba tangu 2006. Wakati huo albamu ikitoka, siku hiyohiyo jioni iko kwenye kompyuta ya kila kibanda cha kuweka nyimbo, mtu anakuja na memori kadi yake anawekewa nyimbo mia kwa hela ndogo tu, mwenye kibanda anakula, mwenye umeme anakula, aliyeuza memori kadi anakula, mimi nilikopa hela ya studio na sikuona hata mia. Nilikuwa nasikia wimbo wangu kwenye daladala nikiwa sina nauli ya kurudi nyumbani, nashuka njiani naenda kwa miguu. Kwaiyo mtu akiniambia kufuli ni uonevu huwa nakaa kimya kidogo, maana nimeishi miaka ambayo hapakuwa na kufuli na nilikula shida.

Siku hizi apu za muziki ukishusha wimbo unakaa ndani ya apu, hauchomoki kwenda memori kadi. Malipo ni madogo, lakini yapo, na yana maandishi, naona wimbo umesikilizwa mara ngapi na wapi.

Mzee wa Safari

@mtunzi_wa_kigamboni kaka ahsante sana kwa hii, imenigusa, na ndo maana niliomba wasanii waje.

Naomba nikuletee kisa kimoja alafu uniambie unakionaje. Apple walipofungua duka la muziki 2003 nyimbo zote zilifungwa kwa FairPlay, kampuni za muziki ndo zilishurutisha. Februari 2007 Steve Jobs mwenyewe akaandika barua ya wazi akasema jambo rahisi sana, kwamba mwaka 2006 nyimbo zilizouzwa mtandaoni zikiwa na kufuli hazikufika bilioni 2, wakati kampuni hizohizo ziliuza nyimbo zaidi ya bilioni 20 kwenye CD ambazo hazina kufuli lolote. Sasa kufuli linamzuia nani kama wimbo uleule uko wazi kwenye CD? EMI, moja ya kampuni kubwa za muziki, wakakubali kwanza, mwaka huohuo, na Januari 2009 Apple wakatangaza duka lote la nyimbo linaachana na DRM. Muziki haukufa. Kufuli lilirudi baadaye kupitia nyimbo za kustrimu za kulipia kila mwezi, na hapo mimi sina neno maana najua nakodi, ni kama kulipa kiingilio.

Na kwenye yale ya kibanda, naona kilichoanza kuwaletea wasanii wetu hela ya simu ilikuwa ile miito, mtu akikupigia anasikia wimbo badala ya mlio. Kenya wana Skiza ya Safaricom tangu 2009. Ule wimbo haumo kwenye simu ya mtu kabisa, unakaa kwenye mitambo ya mtandao, hauna cha kuhamishwa kwa bluetooth, na mteja hajanyang'anywa chochote ndani ya simu yake. Alilipa kwa sababu alitaka watu wausikie wakimpigia. Kibanda cha memori kadi kilishindwa kushindana na hiyo kwa sababu hakikuwa na namna ya kuiuza.

mtunzi_wa_kigamboni

Miito nimelipwa kweli, asilimia ni mjadala mwingine mrefu, ila nimelipwa. Kwa hilo uko sahihi. Nikifikiria vizuri wimbo wangu wa mwisho nao ulivuja kabla hata haujaingia kwenye apu, ulitoka studio kwenye flashi. Kufuli la kwenye simu ya msikilizaji lisingesaidia chochote.

Wa Luthuli Avenue

Sasa wadau, mimi niko Nairobi. Hapa Netflix walikuwa na ile ya bure, Septemba 2021 mpaka Novemba 2023, ya simu za Android pekee, huwekangi hata kadi, na ilifunza watu wengi sana kustrimu. Hata hiyo ya bure ilikuwa imefungwa, sio eti kwa vile ni bure unaweza chukua faili ukae nayo.

Kitu nataka kuongeza ni sheria. Hii mambo si teknolojia tu. Mkataba wa WIPO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na hataza, wa 1996 ulisema nchi zilinde hizo kufuli kisheria, Marekani wakatunga yao 1998, sisi tukaweka kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Maana yake kuvunja kufuli ni kosa peke yake, hata kama haujamuuzia mtu, hata kama filamu ulilipia. Marekani angalau kila miaka mitatu wanakaa wanapitia vitu vya kuruhusiwa, 2010 wakaruhusu watu kufungua simu zao waweke programu wanazotaka. Hapa kwetu hicho kikao sijawahi kiona, na wabunge wakijadili hakimiliki ni pesa ya wasanii tu, mtumiaji hana mtu wa kumsemea. Ningependa siku moja mtu aingie kwa kamati aulize swali la huyu mzee wa Aggrey.

Dada Neema

Nimesoma uzi wote mpaka hapa na nimeamua kuandika ingawa huwa nasoma tu napita.

Mdogo wangu haoni tangu utotoni. Yupo chuo mwaka wa pili. Simu yake inamsomea kila kitu, anagusa kioo inatamka, kwa hiyo simu anasoma magazeti, anatuma hela, anatuandikia meseji zisizo na kosa hata moja. Muhula uliopita kulikuwa na kitabu cha somo lake hakipatikani maktaba, tukachangishana familia nzima tukamnunulia nakala ya kidijitali kwenye apu moja ya vitabu. Anafungua, simu kimya. Kila ukurasa kimya. Ile apu imefunga kurasa kwa namna ambayo msomaji wa sauti hapati maandishi, anakuta kitu kama picha. Akasema basi nipige skrinishoti nizipeleke kwenye apu inayotambua maandishi ya kwenye picha, inamsaidia sana kwa makaratasi. Skrinishoti nyeusi. Kurasa mia tatu na arobaini zote nyeusi.

Kwaiyo miezi miwili kila usiku nikitoka kazini nilikuwa namsomea kwa sauti na yeye anarekodi. Kitabu tulinunua. Risiti ninayo.

Nilivyokuja kutafuta nikakuta sio jambo geni, 2009 Amazon walipotoa Kindle, kifaa chao cha kusomea vitabu, inayosoma kwa sauti, chama cha waandishi wa Marekani kikalalamika kwamba sauti ni haki tofauti na maandishi, Amazon wakawapa wachapishaji uwezo wa kuizima kitabu kwa kitabu. Na upo Mkataba wa Marrakesh wa 2013, kwa ajili ya watu wasioona na wenye shida ya kusoma, kifungu cha 7 kinasema hizo kinga za kiteknolojia zisiwazuie kufaidi haki zao. Kenya wameingia 2017. Imeandikwa vizuri kabisa. Simu ya mdogo wangu haijui.

Fundi Nyakato

Dada Neema pole sana. Niandikie pembeni aina ya simu na jina la apu, sio kwa ajili ya kuvunja chochote, nataka nijaribu kwenye simu mbili tatu hapa mezani nione kama kuna mpangilio wa kusomewa umefichwa mahali. Apu nyingine unakuta upo lakini mchapishaji ndo kauzima. Tukijua ni yupi mnaandika barua kwa mtu sahihi.

Dada Neema

Ahsante fundi. Nimekutumia.

kisiki_kikavu

Swali la mwisho kwangu, je nikibonyeza "nunua" kwenye filamu au kitabu kinakuwa changu?

Mzee wa Safari

Kwa nilivyoelewa unachonunua ni leseni, ruhusa. Julai 2009 Amazon walifuta kitabu cha 1984 cha George Orwell kwenye Kindle za watu waliokuwa wameshalipia, kilikuwa na mgogoro wa haki, watu wakaamka asubuhi hakipo, hela ikarudishwa na bosi wao Jeff Bezos akaomba radhi. 2019 Microsoft wakafunga duka lao la vitabu, vitabu vyote vikaacha kufunguka hata vile vilivyonunuliwa, wakarudisha hela. Walau walirudisha. Mimi siku hizi kabla ya kubonyeza najiuliza, hii kampuni ikifunga mlango kesho, faili langu litafunguka? Kama nikiona halitafunguka basi nalipa bei ya kukodi, bei ya kununua silipi.

Babu Nokia

Na nyimbo zangu za CD bado zinalia mpaka leo.

Mzee wa Safari

MREJESHO.

Wakuu jana nilirudi Aggrey. Nilimkuta yule kijana aliyeniuzia, nikamwonyesha alama ya kufuli ikiwaka, nikamwonyesha L3, nikamwonyesha filamu kwenye simu yangu na kwenye ya mama watoto nimeziweka sambamba juu ya meza yake ya kioo. Hakubisha. Aliniambia yeye anazipokea mzigo mzima zikiwa tayari zimeflashiwa huko zinakotoka, hajawahi kusikia mteja analalamika kitu hiki, na nilimwamini. Tukakubaliana niongeze elfu sitini nichukue nyingine ya soko la kimataifa. Nikamwambia kabla sijatoa hela naweka kwanza ile apu ya DRM Info. Ya kwanza aliyonipa L3. Ya pili L3. Ya tatu L1, butiloda imefungwa, ndo hii ninayoandikia.

Wakati naondoka nikamwona amebaki anaziwasha zile zingine kwenye droo moja moja, anaziangalia pale juu ya kioo. Nimepanda basi la saa kumi na moja alfajiri, tumepita Morogoro sasa, picha ni kali.